Pakeji zote zilipita, ripoti ikatoka tupu: kisa cha kuhamia PyPy pale Kibirizi

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvuliwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Mwalo wa Kibirizi, Kigoma, ambao usiku wa giza la mwezi ukisimama ufukweni unaona taa za wavuvi zimejipanga ziwani kama mji wa pili, ukawa kimya. Kwa wenye vyombo ilikuwa miezi migumu na sitaki kuipamba. Mimi natunza mfumo wa hesabu wa kikundi kimoja pale mwaloni, na kwangu ndiyo ilikuwa nafasi ya kuufungua mfumo bila kumchelewesha mtu mgao wake.

Kazi iliyokuwa inatuumiza ni kuoanisha. Chombo kikirudi alfajiri na dagaa au migebuka, karani wa mapokezi huandika kwenye simu jina la chombo na idadi ya ndoo, na mwisho wa siku kila chombo kina faili lake dogo la CSV. Upande wa pili wapo wanunuzi na stakabadhi zao, zilizoandikwa na mtu mwingine kabisa. Mgao unatokana na kulinganisha pande hizi mbili. Shida iko kwenye majina. Chombo kimoja kinaitwa "Mungu Ibariki" kwa karani, "Mungu Ibaliki" kwa mnunuzi, na "M. Ibariki" siku ambayo karani ana haraka. Kwetu huku r na l hubadilishana viti kila dakika, na h huja na kuondoka itakavyo. Kwa hiyo niliandika kipimo changu cha kufanana kwa majina: kubadilisha r kwa l adhabu yake ni ndogo sana, kudondosha h ndogo pia, kubadilisha herufi nyingine yoyote adhabu kamili. Yapo maktaba ya C yanayopima umbali wa maneno kwa kasi kubwa, nami niliyajaribu, lakini yale niliyoyapata yalihesabu r na l kama herufi mbili zisizojuana. Nikabaki na msimbo wangu, vitanzi viwili vya Python tupu, kimoja ndani ya kingine.

Mwaka wa kwanza kazi hiyo ilichukua dakika chache. Miaka minne baadaye, kuoanisha msimu mzima kulichukua zaidi ya saa tatu kwenye kompyuta ya ofisi, na umeme ukikatika saa ya tatu unaanza upya.

Hapo ndipo nilipoigeukia PyPy. Wengi wetu tukisema "Python" tunachanganya vitu viwili: lugha yenyewe, na mkalimani anayeisoma na kuitekeleza. Mkalimani tunayemsakinisha karibu wote ni CPython, aliyeandikwa kwa C. PyPy ni mkalimani mwingine wa lugha ileile. Yeye huiangalia programu inavyokimbia, na kitanzi kikizunguka mara nyingi vya kutosha (kizingiti chake cha kawaida ni mizunguko 1,039) hukigeuza kuwa msimbo wa mashine papo hapo. Skripti fupi haitafaidika, inaweza hata kuwa nzito zaidi, kwa sababu inaisha kabla kitanzi hakijapata joto. Vitanzi vyangu ndiyo hasa chakula chake. Nilichukua kipimo cha majina peke yake, bila kanzidata wala kitu kingine, nikakipa majina ya mwezi mmoja. CPython dakika 11. PyPy sekunde 40.

Kasi, basi, haikuwa tena swali. Swali lilikuwa pakeji tulizozitegemea, yaani msimbo ulioandikwa na kufungashwa na watu wengine: zitakubali kukaa na mkalimani mgeni?

Kabla ya kupakua chochote nilianza na majina ya mafaili. Hili nalisisitiza kwa anayelipia kifurushi cha data mwenyewe, maana kupakua pakeji kumi ili ugundue kwamba nne hazifai ni hasara isiyo na sababu. Kwenye PyPI, lile ghala la pakeji (lisichanganywe na PyPy, majina yanafanana kwa bahati mbaya tu), kila pakeji ina ukurasa wa mafaili yake, na jina la faili la .whl lenyewe ni ushahidi. Ukiona `py3-none-any`, hiyo ni Python tupu, mkalimani yeyote wa Python 3 ataisakinisha. Ukiona `cp310-cp310-manylinux`, hiyo imeshonwa kwa kipimo cha CPython 3.10 na PyPy haitaigusa. Ukiona `pp310-pypy310_pp73`, hiyo mwenye pakeji kaijenga kwa ajili ya PyPy hasa. Ipo na alama ya nne inayowapotosha wengi, `abi3`. Ukiisoma haraka unadhani inakubalika kote. Maana yake ni kwamba faili moja linafaa matoleo mengi ya CPython, na PyPy haimo.

Faili la kukufaa lisipokuwepo, pip, programu inayosakinisha pakeji, haisemi "haiwezekani". Hushusha msimbo mbichi na kujaribu kuujenga hapohapo kwenye kompyuta yako, ikitaka kompaila ya C na mafaili ya vichwa. Ndiyo maana makosa yake huonekana kama hayahusiani kabisa na swali lako. Kwa psycopg2, pakeji tuliyoitumia kuzungumza na kanzidata yetu ya PostgreSQL, nilipata ujumbe kwamba `pg_config` haipatikani. Mtu anaweza kupoteza siku nzima akitafuta hiyo pg_config, wakati jibu la kweli ni kwamba mafaili ya psycopg2-binary yaliyo tayari ni ya CPython peke yake.

Tulihamia psycopg ya 3, ambayo ina sura ya Python tupu inayoifikia libpq, maktaba ya PostgreSQL yenyewe, bila kupitia viungo vya C vya CPython. Mtu akikuambia kwamba kuhama ni kufuta namba 2 kwenye jina, usimsikilize. Maswali yetu yaliyoandikwa `WHERE chombo IN %s`, yakipewa majina mengi kwa pamoja, yalikataa, ikabidi yawe `= ANY(%s)`. Kubwa zaidi, kwenye psycopg2 ukiandika `with conn:` ukimaliza unafunga muamala tu, muunganisho unabaki wazi. Kwenye toleo la 3 muunganisho wenyewe unafungwa. Tulikuwa na sehemu tatu zilizotegemea tabia ya zamani, na zote tatu zilianguka kwa kelele. Kelele ni nzuri. Nitaeleza kwa nini.

Ya pili ilikuwa orjson, pakeji ya kuandika data kwa muundo wa JSON, tuliyoitumia kupeleka muhtasari kwenye simu za wajumbe. Waandishi wake wameandika wazi kwamba haikubali PyPy na haitakubali. Nawashukuru kwa uwazi huo, umeniokolea siku nzima. Tulirudi kwenye `json` inayokuja na Python yenyewe, tukikumbuka kwamba orjson hurudisha baiti na json hurudisha maandishi, kwa hiyo kila mahali palipokuwa na `.decode()` paliguswa.

Ya tatu ni pandas, pakeji ya kuchambua majedwali ya data. Hapa nilifikiri sana. PyPy ina tabaka linaloiga kiolesura cha C cha CPython, linaitwa cpyext, na kupitia hilo hata NumPy inaweza kukimbia. Ila kila mara programu inapovuka kutoka upande wa Python kwenda upande wa C na kurudi, inalipa ushuru. Ukivuka mara moja na mzigo mkubwa huusikii. Ukivuka kwa kila safu ya jedwali, kasi yote uliyoifuata PyPy inaishia mpakani. Tena kazi nzito ya pandas tayari iko ndani ya C, PyPy haina cha kuiongezea. Niliamua ripoti za mwaka zinazotumia pandas zibaki CPython. Kompyuta moja inaweza kuwa na wakalimani wawili, kila mmoja na mazingira yake, wakikutana kwenye kanzidata tu.

Openpyxl, ya kusoma na kuandika mafaili ya Excel, na et_xmlfile ambayo openpyxl huitegemea, zote ni Python tupu. Zilipita bila neno.

Ikabaki pakeji moja ndogo ya kuhifadhi matokeo kwenye kumbukumbu ili yasihesabiwe mara mbili. Alama yake ilikuwa `py3-none-any`, ikasakinishwa vizuri, ikaita vizuri, na ilipojaa ikaanguka na TypeError. Ndani yake ilitumia `sys.getsizeof` kupima ukubwa wa kila kitu, na PyPy inakataa swali hilo, kwa sababu kwake kitu hakina ukubwa mmoja unaoweza kutajwa. Hapo nilijifunza kutafuta kwa grep ndani ya pakeji zote, hata zenye alama safi, maneno manne yanayodokeza kwamba mwandishi ameegemea undani wa CPython: `getsizeof`, `getrefcount`, `pythonapi` na `__del__`. Ni kazi ya nusu saa, nami siku hizi naifanya kabla ya majaribio yoyote.

Mwisho wa Juni majaribio yetu yote yalipita. Nikaendesha kuoanisha kwa data za msimu mzima uliopita, na baada ya kama dakika mbili ikasimama na `OSError: [Errno 24] Too many open files`.

Kosa hili lilikuwa letu, si la pakeji. Kila faili la chombo tulilisoma kwa mstari mmoja, `open(njia).read()`, bila kulifunga. CPython huhesabu ni wangapi wanakishika kitu, na anapobaki sifuri kitu hufa saa hiyohiyo na faili lake hufungwa. PyPy haihesabu. Ina mfagiaji anayepita kwa zamu yake, na kabla hajapita faili linabaki wazi. Mashine yetu inaruhusu mafaili 1,024 kwa programu moja, na msimu mmoja una mengi kuliko hayo. Majaribio yetu yalikuwa na mafaili kumi na mawili, yangeligunduaje? Nikabadilisha kila usomaji uwe ndani ya `with open(...)`, kazi ikaenda mpaka mwisho. Saa tatu zikawa dakika kumi na tatu. Nilifurahi, nikaenda kumwonyesha mama katibu.

Mama katibu ndiye anayewapa wenye vyombo karatasi zao. Mfumo ukimaliza kuoanisha, huandika taarifa ya kila chombo kwenye faili la maandishi na kulituma kwenye printa. Karatasi zikaanza kutoka. Akaipokea ya kwanza, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Mwanangu, hiki chombo msimu mzima hakikuvua?"

Ilikuwa tupu kabisa. Ya pili tupu. Ya tatu, ya chombo kinachotoka karibu kila usiku wa giza, ilikuwa na mistari mingi lakini ikakatikia katikati ya Septemba, katikati ya neno. Hakuna kosa lililoonekana kwenye skrini. Programu iliandika kwamba imemaliza salama.

Sitaisahau ile karatasi ya tatu. Zile tupu mtu yeyote angezitilia shaka. Ile iliyokatika ilionekana kama taarifa halali, na kama mkato ule ungeangukia mwisho wa mstari, mwenye chombo angeipokea, angesaini, na wiki nne za jasho lake zingepotea bila mtu kujua.

Chanzo kilikuwa pakeji ya kupanga majedwali ya maandishi, ndogo, ya Python tupu, iliyopita kila mtihani nilioueleza hapo juu pamoja na grep ya maneno manne. Ndani yake mna mstari mmoja: `open(njia, "w").write(jedwali)`. Ni tabia ileile niliyoifuta kwetu, safari hii upande wa kuandika. Unapoandika, maneno hayafiki kwenye diski mara moja, hukaa kwanza kwenye akiba ya baiti elfu kadhaa mpaka ijae au faili lifungwe. Kwa CPython faili lilifungwa mstari ulipoisha, kwa hiyo printa ilikuta kila kitu. Kwa PyPy lilibaki wazi likimsubiri mfagiaji, na sisi tukaita printa papo hapo. Taarifa fupi ilikuwa bado yote iko kwenye akiba, ndiyo ile karatasi tupu. Taarifa ndefu ilikuwa imemwaga sehemu ya kwanza na kubakiza mkia. Nilipofungua mafaili yaleyale jioni, yalikuwa kamili, kwa sababu programu ilipozima ilimwaga kilichobaki. Kama mama katibu asingekuwepo, nami ningekuja kuangalia baadaye, ningeapa kwamba printa ndiyo mbovu.

Ndiyo maana nilisema kelele ni nzuri. psycopg2 ilikataa mlangoni, orjson ilikataa mlangoni, getsizeof ilipiga kelele ndani. Hii iliingia, ikakaa, ikafanya kazi nusu huku ikinyamaza. Alama ya jina la faili inakuambia kama pakeji itasakinishwa. Haikuambii kama mwandishi wake aliegemea tabia ya CPython bila mwenyewe kujua.

Dawa ipo, nami ningependa ningeijua mapema. Ukiendesha `pypy3 -X track-resources`, PyPy inakupa onyo kila mfagiaji anapokuta faili lililoachwa wazi, na inakuonyesha mstari uliolifungua, uwe wako au wa pakeji ya mtu. Kwetu ilionyesha ile pakeji ya majedwali na sehemu mbili nyingine kwenye msimbo wangu. Nilimwandikia mwenye pakeji, nikampelekea marekebisho ya mistari miwili, na wakati nikisubiri tukatumia nakala yetu iliyorekebishwa. Kumlaumu nisingeweza. Msimbo wake haukuwa na kosa kwa mkalimani aliyemjua.

Baada ya hapo sikuamini tena majaribio peke yake. Nikaendesha msimu mzima kwa wakalimani wote wawili, nikalinganisha matokeo mstari kwa mstari kwa `diff`. Mistari mitatu haikufanana. Katika mitatu hiyo, stakabadhi ileile ilikuwa imepewa chombo kimoja na CPython na chombo kingine na PyPy.

Bila kusita niliamini kwamba PyPy imekosea. Nilitumia siku mbili nikiitafuta hiyo hitilafu. Siku ya tatu, kwa kukata tamaa, niliendesha CPython mara mbili mfululizo na kulinganisha CPython na CPython mwenyewe. Nao hawakufanana.

Majina ya vyombo vinavyowezekana kwa stakabadhi moja niliyaweka kwenye seti, na vyombo viwili vikipata alama sawa za kufanana nilichukua wa kwanza anayetokea. Kwenye CPython mpangilio wa maneno ndani ya seti hautabiriki, na tangu Python 3.3 hubadilika kila programu inapowashwa, kwa makusudi na kwa sababu za usalama. Kwenye PyPy seti hukumbuka mpangilio wa kuingia, kwa hiyo ilitoa jibu lilelile kila mara. Jibu thabiti, lakini si lazima liwe la haki: wa kwanza kuingia hana dai zaidi ya wa pili. Kwa miaka minne, kila zilipotokea alama sawa, msimbo wangu ulikuwa unampa mmoja ndoo za mwenzake kwa bahati nasibu, na mkalimani wa zamani aliificha kwa sababu hakuna aliyewahi kuendesha hesabu ileile mara mbili.

Nilikwenda kuwaeleza viongozi wa kikundi siku hiyohiyo, kabla ya kurekebisha. Kulikuwa na ukimya, kisha mzee mmoja mwenye vyombo viwili akauliza swali moja tu: "Zinajulikana zipi?" Zilijulikana. Tulichambua misimu yote minne kwa PyPy katika jioni moja, jambo ambalo kwa CPython lingechukua usiku mzima na umeme usiokatika, tukatoa orodha ya stakabadhi zote zenye alama sawa. Zilikuwa chache kuliko nilivyoogopa, na kila moja ilirudishwa kwenye daftari la karatasi la karani wa mapokezi. Tatu zilihitaji kulipana. Walilipana.

Ziwa lilipofunguliwa Agosti, kuoanisha kulikuwa kwenye PyPy na ripoti za mwaka kwenye CPython. Alama zikilingana sasa, programu haichagui. Inatoa karatasi ya pembeni yenye stakabadhi, majina ya vyombo vyote viwili na tarehe, na mama katibu anaipeleka kwa yule mzee, ambaye anavijua vyombo vya Kibirizi kwa rangi na kwa majina ya waliokuwa ndani usiku huo. Wiki ya kwanza ilikuwa na mistari miwili. Alisoma, akaweka tiki kwa kalamu ya bluu, akairudisha.